Kupona Saratani ya Kondo: Historia Fupi kutoka Ufipa hadi Ocean Road

Miongoni mwa saratani zinazoshika viungo vya uzazi vya mwanamke, ile inayotokana na chembe za kondo la nyuma, ambayo kitaalamu huitwa koriokasinoma na ambayo katika makala haya itaitwa saratani ya kondo, ni adimu mno: katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini hukadiriwa kutokea mara moja hivi katika kila mimba 40,000, ingawa katika sehemu kadhaa za Asia na za Afrika imetajwa kuwa nyingi zaidi. Pamoja na uadimu wake ina nafasi ya pekee katika historia ya tiba, kwa kuwa ndiyo saratani ya uvimbe ya kwanza iliyoponywa kabisa kwa dawa bila kutegemea kisu wala mionzi, na kwa kuwa mwanamke aliyeipona mara nyingi hubaki na kizazi chake na kuweza kuzaa tena. Kwa hiyo historia ya ugonjwa huu ina mengi ya kueleza juu ya kupona kuliko juu ya kufa, na katika mahali kama Mwazye, penye milima baridi ya Ufipa kusini mwa mji wa Sumbawanga, swali zito ni nani aliyebaki na mgonjwa baada ya dawa kwisha.

Nusu hivi ya saratani za kondo hufuata ile hali ambayo wakunga na wauguzi wa Tanzania huiita mimba zabibu, yaani mimba ambayo kondo lake, badala ya kumlisha mtoto, hujaa vifuko vya maji vinavyoning'inia kama kichala cha zabibu. Mwanamke hutapika kupita kiasi, tumbo hukua kuliko miezi yake, damu hutoka, na hatimaye vifuko vyenyewe huanza kudondoka. Nusu iliyobaki hufuata mimba iliyoharibika au uzazi wa kawaida kabisa, jambo linalofanya ugonjwa huu uwe na hila, kwa kuwa mama aliyejifungua salama miezi minne iliyopita na sasa anakohoa damu huweza kutibiwa kifua kikuu kwa muda mrefu kabla mtu yeyote hajakumbuka kuuliza habari za uzazi wake. Chembe za kondo kwa maumbile yake hupenya ukuta wa kizazi na kutafuta damu ya mama, na zinapogeuka kuwa saratani hufuata njia hiyohiyo ya damu hadi kwenye mapafu, ini na hata ubongo.

Ufipa ya kabla ya ukoloni, iliyogawanyika katika falme mbili za Nkansi na Lyangalile, haikuwa na jina la saratani hii, lakini ilikuwa na fikra iliyokomaa juu ya kizazi na hatari zake. Ushahidi mmoja umesimama hadi leo porini: matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, yaitwayo malungu, yenye kimo cha mita tatu hivi, ambayo watafiti wa utamaduni wa Wafipa wameeleza kuwa yalichukuliwa kama bibi harusi, yakaimbiwa na kutiwa dawa kabla ya kuwashwa, ili yapate kuzaa chuma. Mafundi walitakiwa kujiepusha na wake zao wakati wa kazi, na chuma kikikataa kutoka, mwiko uliovunjwa ulitafutwa kwanza kabla ya kulaumu udongo au makaa. Katika jamii nyingi za nyanda zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, fikra hiyohiyo ilitumika kwa mwanamke mwenyewe, kwamba mimba ikiharibika au uzazi ukiwa mgumu kuna mtu aliyekiuka, mume au mke, na kwamba kukiri ni sehemu ya tiba. Si haki kuiita fikra hiyo ujinga mtupu, kwa kuwa ilimkusanyia mgonjwa watu wake wote na kuwalazimisha wazungumze. Ubaya wake ni kwamba mwenye kutokwa damu alikuwa pia mshtakiwa, na kivuli cha mashtaka hayo hakijaondoka katika vijiji vingi.

Tiba ya aina nyingine iliingia kupitia ziwani. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, wanaofahamika zaidi kama Mapadre Weupe, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika, na miaka michache baadaye akafika hapo Adrian Atiman, mtu wa Sudani ya Magharibi aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, kisha akasomeshwa udaktari Malta. Atiman alitibu watu wa Karema na pwani ile ya ziwa kwa zaidi ya miaka 60, akijifunza dawa za mitishamba za wenyeji sambamba na zile alizofundishwa, na hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga hubeba jina lake. Kutoka ziwani misheni zilipanda hadi nyanda za juu, Mwazye ikiwa mojawapo, ambako mwaka 1944 alizaliwa Polycarp Pengo, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Dar es Salaam na kardinali. Pamoja na mapadre walikuja masista, kwanza wa kigeni na baadaye wa Shirika la Maria Malkia wa Afrika, ambao wengi wao walikuwa mabinti wa Kifipa. Wazazi wengi waliwazuia mabinti hao mwanzoni, kwa hoja rahisi kwamba msichana asiyezaa anaukata ukoo. Polepole, hata hivyo, vijiji vilizoea kumwona mwanamke asiye na mtoto akiitwa kwa heshima, akisimamia wodi na shule. Badiliko hilo la fikra halikuletwa kwa ajili ya wagonjwa wa kizazi, lakini lina uzito katika habari zao kuliko inavyodhaniwa.

Nje ya Ufipa elimu ya ugonjwa wenyewe ilikuwa inajikokota. Aetius wa Amida, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 6, alikwisha kueleza kizazi kilichojaa vifuko vya maji; Ulaya ya karne za kati ilisimulia habari ya mke wa mtawala wa Henneberg aliyedaiwa kuzaa watoto 365 kwa mara moja mwaka 1276, wote wakabatizwa na wote wakafa siku hiyo, kisa ambacho madaktari wa baadaye walikisoma kuwa ni mimba zabibu iliyohesabiwa kifuko kwa kifuko. Wazungu nao, kwa maneno mengine, walikuwa na maelezo yao, na kisa hicho husimulia kwamba mama huyo alipatwa na laana ya mwanamke maskini aliyemdharau. Mwaka 1895 mwanapatholojia Mjerumani Felix Marchand alithibitisha kwamba saratani hii hutoka katika tishu za mimba na si katika nyama ya kizazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek mjini Berlin walitumia mkojo wa wajawazito kuchochea mayai ya panya, wakaanzisha kipimo cha kwanza cha kutegemewa cha mimba, na ikabainika upesi kwamba mgonjwa wa saratani ya kondo hutoa homoni hiyohiyo ya ujauzito, ambayo leo huandikwa hCG, kwa wingi wa kutisha. Ugonjwa ukawa na alama yake ndani ya mkojo, lakini tiba bado ilikuwa kukata kizazi, na ukishafika mapafuni wengi walikufa ndani ya mwaka mmoja.

Adrian Atiman alifariki mwaka 1956 akiwa mzee wa miaka karibu 90. Mwaka huohuo, katika Taasisi za Taifa za Afya huko Bethesda, Marekani, daktari mwenye asili ya China aitwaye Min Chiu Li, akishirikiana na Roy Hertz, alimpa methotreksati mwanamke kijana aliyekuwa akifa kwa saratani ya kondo iliyoenea mapafuni. Methotreksati ni dawa inayozuia chembe zisitumie foleti, vitamini ya majani ya mboga ambayo kila chembe inayogawanyika kwa kasi huihitaji, na chembe za kondo ni miongoni mwa zile zinazogawanyika kwa kasi kubwa kabisa mwilini. Uvimbe ulitoweka. Wenzake Li wangesimamisha dawa hapo, lakini yeye aliona kwamba homoni bado ipo kidogo katika mkojo, akashikilia kwamba mgonjwa aendelee kutibiwa hadi kipimo kifike sifuri, hata kama picha ya mapafu ni safi na mgonjwa mwenyewe anajiona mzima. Ukaidi huo, ulioonekana kuwa ni kumtilia sumu mtu aliyepona, ulimgharimu kazi yake. Baadaye ikathibitika kwamba waliotibiwa kwa kanuni yake hawakurudiwa na ugonjwa, na mwaka 1972 Li na Hertz walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker. Kila kinachofanywa leo katika ugonjwa huu kinasimama juu ya kanuni hiyo: mwanamke haachiwi kwa sababu anajisikia vizuri, huachiwa kwa sababu tarakimu zimesema.

Katika Afrika ya Mashariki tibakemia, yaani tiba ya saratani kwa dawa za kuua chembe, ilipata makao Kampala mwaka 1967, ilipoanzishwa taasisi ya saratani katika Hospitali ya Mulago kwa ajili ya uvimbe wa taya wa watoto aliouchunguza Denis Burkitt. Nairobi nako madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walikusanya kumbukumbu za wagonjwa wao wa saratani ya kondo wa miaka ya 1970 na kuzichapisha. Tanzania ilifuata kwa njia ya jengo lenye historia ndefu: hospitali iliyojengwa na Wajerumani ufukweni Dar es Salaam katika miaka ya 1890 kwa ajili ya Wazungu, ambamo bingwa wa vijidudu Robert Koch alifanyia uchunguzi wake, iligeuzwa baada ya Uhuru kuwa hospitali ya wazazi, kisha mwaka 1980 ikaanza kutibu saratani chini ya Muhimbili, na mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani Ocean Road inayojitegemea. Wako wakazi wa jiji waliozaliwa ndani ya kuta zilezile ambamo wanawake wengine baadaye walilazwa ili kuondolewa mimba iliyogeuka kuwa saratani.

Kwa mtu wa Mwazye kuta hizo zilikuwa mbali kwa maana halisi. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam, na kabla ya lami kufika katika miaka ya 2010, barabara ya udongo ya kwenda Tunduma, yenye kilomita 220 na zaidi, ilikuwa wakati wa masika jaribio la kutwa nzima au zaidi juu ya lori au basi, kabla mgonjwa hajapanda treni ya TAZARA na kuanza safari nyingine. Matibabu ya wenye hatari ndogo huhitaji sindano za methotreksati kwa siku kadhaa zikibadilishana na dawa ya kinga iitwayo asidi ya foliniki, kisha mapumziko, kisha duru nyingine, na hurudiwa hadi homoni ipotee na duru chache zaidi ziongezwe juu yake. Serikali hugharimia tiba ya saratani katika hospitali zake, lakini haigharimii mwezi wa tatu wa kukaa kwa shemeji Mbagala, wala shamba la ulezi lililobaki bila mpaliliaji, wala watoto watatu walioachwa kwa bibi yao. Wengi waliokatisha tiba hawakuikataa dawa. Nauli na msimu wa kilimo ndivyo vilivyowarudisha nyumbani wakati tarakimu zikiwa bado hazijafika chini.

Kipimo cha hatari chenyewe kiliwekwa sawa mwaka 2000 na Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Magonjwa ya Wanawake na Uzazi, ambalo hutoa alama kwa umri, aina ya mimba iliyotangulia, muda uliopita, wingi wa homoni na mahali ugonjwa ulipoenea. Alama 6 au pungufu ni hatari ndogo, 7 na kuendelea ni kubwa. Wenye hatari ndogo hupona karibu wote, na wenye hatari kubwa, wakitibiwa katika vituo vyenye uzoefu, hupona zaidi ya tisa kwa kila kumi kwa mchanganyiko wa dawa tano uliobuniwa London, ambamo mojawapo, vinkristini, hutokana na ua dogo la asili ya Madagaska linalopandwa kama pambo katika nyua za Afrika ya Mashariki pasipo mwenye nyumba kujua kazi yake.

Mwili una ratiba yake ya kurudi. Methotreksati huacha vidonda mdomoni na kooni, kiasi kwamba ugali wa ulezi, chakula cha heshima cha Mfipa, haumezeki, na mgonjwa huishi kwa uji mwembamba uliopoa na maji ya kusukutulia yaliyotiwa chumvi. Mchanganyiko wa dawa tano huongeza kunyonyoka nywele zote pamoja na nyusi, kufa ganzi vidole vya mikono na miguu, na upungufu wa damu unaomfanya mtu aliyezoea kupanda kilima na ndoo kichwani apumzike mara tatu njiani. Nywele hurudi baada ya miezi michache, mara nyingine laini kuliko za awali; hedhi hurejea kwa walio wengi; ganzi hukaa zaidi, na katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba huko juu, vidole hivyo huuma kabla ya kuchangamka. Ukomo wa hedhi huweza kuja mapema kidogo, kiasi cha mwaka mmoja hadi mitatu kwa kutegemea dawa. Hayo yote yakijulikana mapema hubebeka. Mwanamke anapoyakuta bila kuambiwa huyahesabu kuwa ni ugonjwa uliorudi.

Moyo hauna ratiba iliyoandikwa popote. Mimba zabibu ni msiba usio na maiti: hakuna mtoto wa kuzika, hakuna jina, hakuna matanga, na majirani waliojua kwamba alikuwa mjamzito hawajui waseme pole ya nini. Juu ya msiba huo huwekwa saratani, na juu ya saratani huwekwa hofu ya kila kipimo, kwa kuwa kwa mwaka mzima baada ya dawa damu hupimwa mara kwa mara, na mgonjwa hujifunza kusoma cheti chake kama mfanyabiashara asomavyo daftari la madeni, akijua kwamba chini ya 5 ni salama na kwamba tarakimu ikipanda badala ya kushuka atarudi wodini. Tafiti zilizofanywa Marekani katika miaka ya 1990 ziliwakuta wanawake waliopona wakiwa bado, miaka kadhaa baadaye, na huzuni ya mimba ile na woga wa mimba inayofuata. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mwanamke wa Ufipa ni mgumu zaidi, isipokuwa kwamba yeye huulizwa zaidi.

Huulizwa kwa sababu katika mwaka huohuo ametakiwa asishike mimba, maana mimba mpya hupandisha homoni ileile na kukifumba macho kipimo. Ushauri huo mwepesi wa hospitalini huwa mzito nyumbani, ambako mama mkwe anahesabu miezi, na ni mzito kwa namna ya pekee katika parokia za Kikatoliki kama Mwazye, ambako tangu waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968 juu ya uzazi vidonge vya kuzuia mimba vimebeba aibu. Waraka huohuo, katika kifungu chake cha 15, unaruhusu tiba ya ugonjwa wa mwili hata kama matokeo yake ni kuzuia mimba. Iwapo vidonge vya kulinda kipimo vinaingia katika ruhusa hiyo ni jambo ambalo wanateolojia wanaweza kulibishania, lakini padre anayekijua kifungu hicho humwondolea mgonjwa mzigo ambao daktari hawezi kuugusa. Hapa ndipo masista wa zamani wanaporudi katika hoja: kijiji kilichokwisha kujifunza kumheshimu mwanamke asiyezaa kwa nadhiri kina msingi wa kumheshimu asiyezaa kwa ugonjwa, na ni kosa la watumishi wa Kanisa na wa afya kwamba msingi huo hautumiki. Mume naye hukaa nje ya maelezo yote, akingoja mlangoni mwa kliniki pasipo kuambiwa kwamba saratani hii haiambukizi, kwamba haikuletwa na uzinzi wa mtu yeyote, na kwamba baada ya mwaka kupita wengi wa wanaotaka mtoto humpata, huku uwezekano wa mimba zabibu ya pili ukiwa moja au mbili tu kwa kila mia.

Hali ya leo ni bora kuliko ya miaka ya 1980 kwa kipimo chochote. Lami imefika, wilaya ya Kalambo iliyoanzishwa mwaka 2012 ina makao yake Matai badala ya kila jambo kungoja Sumbawanga, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza mwaka 2015 dawa za saratani ya kondo katika orodha yake ya dawa muhimu. Pengo lililobaki ni la ufuatiliaji. Kanuni ya Li, kwamba tiba huisha kwa tarakimu, ilitungwa na watu ambao wagonjwa wao walikaa karibu na maabara, na kuisimamisha kwa kumtaka mkulima wa Mwazye aende Dar es Salaam kila mwezi kutoa mililita chache za damu ni kuikubali kwa maneno na kuikataa kwa vitendo. Damu hiyo ingeweza kuchukuliwa karibu na nyumbani, ikapimwa mkoani, na jibu likafika kwa simu kwa daktari anayemjua mgonjwa. Kupanga hivyo hakuhitaji uvumbuzi wowote mpya.

Wakati mpango huo ukingojewa, liko jambo lililo ndani ya uwezo wa zahanati yoyote. Mwanamke aliyesafishwa kizazi kwa ajili ya mimba zabibu asiruhusiwe kwenda nyumbani bila tarehe ya kipimo kinachofuata, na yeyote ambaye damu haijakatika wiki sita baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika apimwe mkojo kwa kipimo cha kawaida cha mimba; kikionyesha mimba ilhali hakuna mimba, aandikiwe rufaa siku hiyohiyo.